Kumjengea kobe boksi la ndani kwa plaiwudi moja tu, hatua kwa hatua

Watu wakishajua nafuga kobe maswali yanakuwa yaleyale: naweza kumweka kwenye beseni? mbona wangu hali? mbona anakwaruza ukuta siku nzima? taa ya kawaida si inatosha? So naandika yote hapa mara moja. Ukifuata mpaka mwisho utapata boksi la futi 5 kwa futi 2 kutoka plaiwudi moja, na linamtosha kobe mdogo mpaka gamba lake lifike sentimita 15 hivi.

Najua kuna atakayesema Uganda ni joto, boksi la ndani la nini. Mchana sawa, lakini Kampala usiku inashuka mpaka nyuzi 17 hivi, Kabale na Fort Portal ndo kabisa, alafu kuna mvua za Machi mpaka Mei na zile za Septemba mpaka Novemba ambapo uwanja unakaa umelowa wiki nzima. Kobe mdogo aliyeachwa nje anaweza kuliwa na panya usiku, siafu wakipita wanammaliza, mbwa wa jirani anamtafuna akidhani ni mfupa, na wale kaloli (korongo marabu) wa Kampala wanaweza kummeza mzima. Na kama unakaa gorofani huna hata huo uwanja. Kobe mkubwa ni habari nyingine, yule wa madoa madoa anayeitwa Stigmochelys pardalis akikomaa anafika sentimita 40 na zaidi na kilo zaidi ya 15, huyo hakuna boksi la kumtosha, anataka uwanja wenye ukuta na banda la kulala. Kama huna mpango wa uwanja huko mbele, tafadhali usianze, manake huyu mnyama anaishi zaidi ya miaka 50.

Kabla hujanunua hata skrubu

Mambo mawili. La kwanza kibali. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019 inasema mnyamapori humfugi bila ruhusa ya UWA (mamlaka ya wanyamapori ya Uganda), na kobe ni mnyamapori hata kama mtoto amemuokota barabarani Nakasongola na kumleta nyumbani. Nenda uulize ofisi yao kwanza. Usinunue kobe wa kwenye gunia anayeuzwa kando ya barabara, ukimnunua huyo kesho wanatolewa wengine kumi porini.

La pili ujue una kobe gani. Wa madoa madoa ni wa nchi kavu ya nyasi, anapenda jua na hewa inayopita. Kuna wale wa jamii ya Kinixys, utawajua kwa sababu gamba la nyuma linajikunja na kufunga miguu, hao wanapenda kivuli na unyevu zaidi na hasa wale wa msituni hawapendi kabisa mwanga mkali. Boksi ni lilelile ila udongo na unyevu vinabadilika, nitasema huko mbele. Usiwaweke aina mbili pamoja. Na kobe mgeni asikutane na mwenyeji kwa miezi kadhaa, wanaambukizana magonjwa ya mapafu.

Vitu utakavyohitaji

- Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, unene milimita 18
- Mbao za 2 kwa 2, futi 20 hivi, za miguu ya chini na za kushikilia taa
- Skrubu za inchi 1 na nusu na za inchi 2 na nusu, gundi ya mbao, msasa
- Rangi ya maji au varnishi ya maji
- Kavera (karatasi ya nailoni) zito, lile wanaloweka chini ya zege wakati wa kujenga
- Taa ya UVB (miale isiyoonekana kama ile ya jua) ya mche (ile ndefu) na fremu yake
- Balbu ya joto, halojeni ya wati 50 mpaka 75, na holda ya kauri
- Mnyororo mwembamba na kulabu
- Taima ya soketi
- Themomita mbili za dijitali zenye waya wa kupimia
- Udongo, mchanga, jiwe bapa, kisahani cha chungu cha maua

Mbao utapata Ndeeba au Bwaise hapa Kampala na watakukatia hapohapo. Taa ya UVB ndo ngumu kupata, wengi tunaagiza nje au tunamtuma mtu anayesafiri, so anza na hiyo, boksi litakusubiri. Usidanganywe na taa yenye rangi ya zambarau eti ni UV, ile ya kuangalizia noti au ya kuuwa mbu haimsaidii kobe chochote na inaweza kumuumiza macho. Kwenye boksi la taa lazima pawe pameandikwa UVB na ni ya reptilia.

Kwenye mbao kuna jambo. Nusa kabla hujalipa. Mbao nyingi za ujenzi zimepakwa dawa ya mchwa au oili chafu ya gari, utaona rangi nyeusi nyeusi na harufu inapanda kichwani. Hizo ni za paa. Ukizipasha joto kwa taa kila siku ndani ya chumba, kobe anavuta ile hewa na wewe pia.

Hatua

1. Kata plaiwudi. Mwambie fundi aipasue kwa urefu wake wa futi 8, vipande vitatu: kimoja upana futi 2, viwili upana futi 1 kila kimoja. Kile cha futi 2 kata urefu wa futi 5, hiyo ndo sakafu, kinabaki kipande cha futi 3 kwa 2, usikitupe. Kila kimoja cha futi 1 unakata futi 5 (ukuta mrefu) alafu ukuta mfupi, na kinabaki kipande cha futi 1 kwa 1, navyo usitupe. Sasa sikia, ukuta mfupi usikate futi 2 kamili. Kuta zote zinasimama juu ya sakafu na ule mfupi unaingia katikati ya mirefu, kwa hiyo toa unene wa mbao mbili, yaani sentimita 3.6. Msumeno nao unakula milimita 3 hivi kila ukipita, so pima upya kila baada ya mkato, usichore mistari yote kwa pamoja ndo ukate.

2. Unga. Weka miguu kwanza: vipande vitatu vya 2 kwa 2 chini ya sakafu, viwili mwishoni na kimoja katikati, ili boksi lisilale kwenye sementi baridi. Alafu kuta, gundi kisha skrubu kila inchi 6. Toboa tundu dogo kwa drili kabla ya skrubu, plaiwudi ukiilazimisha pembeni inapasuka matabaka.

3. Funga kona. Vile vipande viwili vya futi 1 kwa 1 kata kila kimoja kutoka pembe mpaka pembe, unapata pembetatu nne. Zipigilie juu ya kona nne za boksi, zimelala. Kobe anapanda kona! Watu hawaamini mpaka wamkute sakafuni amelala chali. Anaegemea kuta mbili, anasukuma kwa miguu ya nyuma na anapanda kweli, pembetatu inamkatia njia.

4. Piga msasa na upake. Kingo zote za ndani lazima ziwe laini manake atasugua shingo na miguu hapo. Mikono miwili ya varnishi ya maji alafu acha wiki nzima sehemu yenye hewa. Ukitia pua ndani na bado kuna harufu, bado.

5. Tandika kavera. Kipande kimoja kizima, kinachofunika sakafu na kupanda kwenye kuta mpaka inchi 5 hivi. Kona zikunje, usizikate. Shikilia kwa pini za mbao upande wa juu tu, na ufunike ukingo kwa kijiti cha mbao ili asiuvute na kuula. Bila kavera plaiwudi inaanza kuvimba na kunuka baada ya miezi michache, ukilikata kona ni yaleyale.

6. Simamisha mhimili wa taa. Chukua mbao za 2 kwa 2 utengeneze kama goli la mpira, nguzo mbili nje ya kuta fupi na mlingoti juu unaopita katikati ya boksi kwa urefu, sentimita 60 hivi juu ya sakafu. Taa zote zitaning'inia hapa kwa mnyororo, ukitaka kupandisha au kushusha unabadilisha tundu la mnyororo tu.

7. Weka boksi mahali pake SASA, kabla ya udongo. Ndani itaingia lita 70 mpaka 85 za udongo na uzito unapita kilo 100 kirahisi, hulisogezi tena. Mbali na dirisha lenye jua la moja kwa moja, mbali na mlango unaopigwa na upepo, mbali na jiko la mkaa. Siafu wakiwa tatizo kwenu, simamisha miguu kwenye makopo yenye maji ya sabuni, lakini kwa hapo uwe umetumia miguu mirefu na imara, na makopo uyajaze kila siku manake maji yanakauka.

8. Weka udongo. Sehemu mbili udongo wa shamba ambao haujawekwa mbolea wala dawa, sehemu moja mchanga uliooshwa. Uanike juani kwenye kavera jeusi siku mbili tatu wadudu wafe. Kina ni sentimita 8 mpaka 10. Kwa Kinixys punguza mchanga, ongeza unga wa maganda ya nazi na majani makavu juu, na uloweshe zaidi. Kwa wa madoa madoa akiwa mdogo nyunyiza maji upande wa baridi, udongo wa chini uwe na ubichi na wa juu uwe mkavu. Watoto wa kobe wakikuzwa pakavu sana gamba linaota vilima vilima na haviondoki tena.

Usitumie maganda ya kahawa. Najua ndo yanayotandikwa kwenye mabanda ya kuku kila mahali na ni rahisi kupata, lakini yana vumbi, yakilowa yanaota ukungu upesi, na kobe anayala pamoja na chakula. Maranda ya mbao pia hapana. Mchanga mtupu nao hapana, anaumeza unajaa tumboni.

9. Ning'iniza taa. Hapa ndo penye kazi, so soma mara mbili.

Balbu ya joto inakaa mwisho mmoja wa boksi, sio katikati. Ukiiweka katikati boksi lote linakuwa na joto moja na kobe hana pa kukimbilia. Yeye mwili wake hautengenezi joto, anapasha kwa kusogea penye joto na anapoa kwa kuondoka, kwa hiyo lazima mwisho mmoja uwe wa moto na mwingine wa baridi. Chini ya balbu weka jiwe bapa, juu ya jiwe unataka nyuzi 32 mpaka 35. Mwisho wa pili nyuzi 24 mpaka 26. Kwa Kinixys shusha kidogo, 29 mpaka 30 panamtosha.

Holda iwe ya kauri. Ile ya plastiki ya shilingi kidogo inalainika, balbu inadondoka, na chini kuna majani makavu. Na usitegemee waya wa umeme kubeba uzito wa taa, funga mnyororo, kisha na kamba ya pili ya waya kwa usalama. Balbu za LED hazitoi joto la kumtosha, hata iandikwe wati ngapi. Ile balbu nyekundu ya vifaranga ya wati 250 ni kali mno kwa boksi fupi namna hii, itamuunguza mgongo na yeye hahisi haraka manake gamba linachelewa kupitisha joto.

Mche wa UVB uanzie upande wa joto uje mpaka katikati, sentimita 30 mpaka 45 juu ya mgongo wake, lakini fuata kipimo kilichoandikwa na waliotengeneza taa yako manake zinatofautiana nguvu. Kusiwe na kioo wala plastiki kati ya taa na kobe, UVB haipiti hapo. Ndo maana jua la dirishani halimsaidii kitu, anapata joto tu. Bila UVB mwili hautengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu haishiki, gamba linalainika. Taa ibadilishwe kila mwaka, itaendelea kuwaka vizuri machoni pako wakati UVB ilishapungua.

Taima weka iwake saa moja asubuhi na kuzima saa moja jioni. Hapa kwetu kwenye ikweta ndo mchana wenyewe, huna haja ya kubadilisha mwaka mzima. Usiku giza kamili, hata taa nyekundu usimwekee.

10. Mtengenezee pa kujificha. Kile kipande cha futi 3 kwa 2 kinatoa kijumba: paa futi 1 kwa 1 na nusu, kuta tatu za nusu futi kwenda juu, upande mmoja wazi. Kiweke upande wa baridi, ndani yake udongo uwe mbichi kidogo. Kisahani cha maji kizame usawa wa udongo, maji yasipite kidevu chake. Usiweke jiwe karibu na kijumba wala ukuta likawa ngazi. Kama kuna panya nyumbani, tengeneza mfuniko wa waya wenye matundu ya robo inchi uweke usiku tu, mchana utoe manake waya unapunguza UVB. Waya wa kuku hautoshi, panya mdogo anapita.

11. Liwashe boksi tupu siku mbili. Hii watu wanairuka kwa sababu kobe tayari yuko kwenye katoni anasubiri. Pima saa saba mchana: kwenye jiwe, katikati, na ndani ya kijumba. Pima tena saa kumi na moja alfajiri. Jiwe likipita 36 pandisha balbu, lisipofika 32 shusha, tundu moja la mnyororo tayari unaona tofauti. Alfajiri isishuke chini ya nyuzi 18, kwa watoto 20. Vipimo vikitulia ndo umlete.

12. Mwingize asubuhi, umwache. Mwogeshe kwanza maji ya vuguvugu dakika 15, maji yafike kidevuni tu, alafu mweke katikati ya boksi na uondoke. Siku tatu nne anaweza kujificha na asile, ni kawaida. Watoto waambie wasimshike, na yeyote akishamshika aoshe mikono kwa sabuni, kobe wanabeba salmonela bila kuumwa.

Chakula sitakaa sana: nyasi, majani ya haibiskasi na maua yake, majani ya mforosadi, mpungate uliotolewa miiba. Dodo (mchicha) na nakati (mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu) kidogo kidogo tu. Posho (ugali), mkate, wali, maganda ya matooke (ndizi za kupika), hapana, hata kama anakula kwa hamu. Kalsiamu nyunyizia kidogo juu ya majani, yale maganda ya konokono wa ziwani yaliyosagwa yanayouzwa maduka ya chakula cha kuku yanafaa ukiyasaga yawe unga kabisa. Usichanganye na chokaa ya kupaka ukuta, ile inaunguza mdomo.

Na hata ukiwa na taa nzuri kiasi gani, jua likitoka mtoe nje nusu saa asubuhi, kwenye kizuizi chenye kivuli upande mmoja, ukiwa umekaa naye hapohapo.

Mambo yakienda vibaya

*Anatembea ukutani siku nzima.* Kama boksi ni la kioo, ndo sababu, anaona nje na haelewi kwa nini hapiti, funika kioo kwa karatasi upande wa nje. Kama ni la mbao, angalia joto la upande wa baridi kwanza, mara nyingi hana pa kupoa. Au amekua na boksi limekuwa dogo.

*Hali.* Pima joto kabla ya kubadilisha chakula. Kobe aliyepoa tumbo halisagi, na yeye anajua, so hali.

*Anakaa kwenye kijumba tu, hatoki penye taa.* Taa ya UVB iko chini mno au jiwe lina moto sana. Pandisha zote mbili sentimita 5, angalia siku mbili. Kama ni Kinixys muache, ndo tabia yake, anatoka asubuhi na jioni.

*Boksi linanuka, kuna vijidudu vidogo vinaruka.* Udongo umelowa juu. Toa kinyesi na mabaki kila jioni, geuza udongo, punguza maji. Badilisha udongo wote kila miezi mitatu minne.

*Umeme umekatika.* Mchana mtoe juani. Usiku kwa Kampala mzima wa afya atavumilia, funika boksi kwa blanketi ukiacha nafasi ya hewa (taa zikiwa zimechomolewa!) na uweke chupa za maji moto zilizofungwa kitambaa upande mmoja. Sigiri (jiko la mkaa) usiingize chumbani hata kwa dakika tano. Moshi wa mkaa usioonekana unaua watu, sembuse kobe.

*Gamba ni laini ukibonyeza.* Mtoto wa wiki chache gamba lake linabonyea kidogo, hiyo kawaida. Wa zaidi ya mwaka akiwa hivyo ni UVB au kalsiamu, na hapo taa peke yake haitoshi tena, anahitaji daktari.

*Mapovu puani, mdomo wazi akipumua, macho yamevimba.* Pandisha joto la usiku lifike nyuzi 25 na umpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, uliza chuo cha mifugo Makerere au watu wa zoo ya Entebbe wakuelekeze. Msafirishe kwenye katoni lenye kitambaa na matundu, sio mikononi kwenye boda. Usimpe antibayotiki za kuku. Na mtu akikwambia umchome ivamektini ya ng'ombe ya minyoo, kataa hata kama ni fundi wa mifugo wa miaka mingi, ile dawa inaua kobe.